Outlook inaganda kila asubuhi na imeili zinalala Outbox, naombeni msaada kabla sijafuta akaunti

fundi_ilala (mleta uzi), Jumatano

Wakuu habari za kazi. Nina ofisi moja ya kliaringi na fowadingi (wanaotoa mizigo bandarini) hapa Posta, Dar, nawahudumia mambo ya kompyuta, wana mashine 9, zote Windows 10 na Outlook 2016. Imeili zao ni za domeni ya kampuni, ziko kwenye hostingi (kampuni inayotunza seva ya imeili) ya kulipia kwa mwaka, sio Gmail wala Microsoft 365.

Tangu Jumatatu kuna mambo mawili. La kwanza ukifungua Outlook inafika kwenye kile kibango cha bluu cha kuanzia inakaa hapo dakika tatu nne, ikija kufunguka ukibonyeza imeili skrini inakuwa nyeupe na kile kiduara kinazunguka weee. La pili imeili ukituma inaingia Outbox inalala humohumo.

Naomba mnielewe kwanini nina presha. Hawa watu kazi yao yote ipo kwenye imeili, taarifa ya meli kufika, invoisi za wakala wa meli, delivery order (hati ya kuruhusu mzigo utolewe), vyote vinapita humo, na kontena likipitisha siku za bure bandarini storeji inaanza kuhesabiwa kwa dola. Jana dada wa dokumenti katuma makaratasi saa nne asubuhi, akaendelea na kazi zake akijua yamefika, saa tisa wakala anampigia anamuuliza mbona hamjatuma kitu mpaka sasa. Kwenda kuangalia imeili ipo Outbox, maandishi yamelala mlalo vilevile.

Nimezima rauta nikawasha, nimebadili kebo, nimeapdeti Windows, nimescani virusi mashine zote. Jamaa mmoja kaniambia dawa ni kufuta akaunti na profaili zote niziweke upya, nilitaka nifanye leo jioni wakishaondoka. Nimeona niulize kwanza.

kebo_nyeusi

Mkuu hiyo ni intaneti tu, ongeza spidi. Outlook ikikosa mtandao mzuri lazima igande.

mzee_wa_seva

Mleta uzi, usifute. Narudia tena, usifute akaunti hata moja leo.

Nikwambie kilichonipata. Kuna mzee mmoja wakili nilikuwa namfanyia kazi, akaunti yake ni IMAP, ikasumbua, nikasema sio shida IMAP kila kitu kipo kwenye seva, nikafuta akaunti nikaiweka upya na imeili zote zikarudi kama nilivyotegemea. Ila kesho yake saa moja asubuhi ananipigia, kalenda yangu iko wapi? Tarehe za kesi zake za miezi nane mbele alikuwa anaziandika kwenye kalenda ya Outlook. Kuanzia Outlook 2013, ukiwa na akaunti ya IMAP ya kawaida, kalenda na majina ya watu haviendi kwenye seva, vinakaa kwenye faili la hiyohiyo kompyuta, na ukiangalia vizuri mbele ya folda pameandikwa This computer only. Ukifuta akaunti na vyenyewe vinaondoka. Nilikaa naye siku mbili tunapitia mafaili ya karatasi moja moja kurudisha tarehe, na bado kuna ambazo alikuja kuzikumbuka baada ya karani wa mahakama kumpigia. Mpaka leo sifuti akaunti ya mtu bila kufungua kalenda na orodha ya majina kwanza nikaona kuna nini, nikavitoa kwenye faili la pst (faili la data la Outlook) pembeni.

Sasa nijibu haya, bila kubadilisha kitu chochote:
Webmail kwenye brauza inafunguka na inatuma?
Mashine zote 9 zinaganda au baadhi?
Ukiunganisha mashine moja na hotspoti ya simu hali ikoje?
Faili la data la hizo zinazoganda lina GB ngapi?

fundi_ilala

Shukrani sana mzee, umeniokoa maana nilishaanza kuandika orodha ya paswedi.

Majibu. Webmail inafunguka haraka na inatuma bila shida, nimejitumia mwenyewe imefika sekunde hiyohiyo, kwa hiyo kaka kebo_nyeusi spidi ipo. Kuganda ni mashine TATU tu sio tisa, nilikuwa nimechanganya kwa sababu wote wanalalamika kwa pamoja. Hizo tatu zote ni za uhasibu. Ila Outbox ni mashine zote tisa. Hotspoti bado sijajaribu. Faili la mhasibu mkuu ni GB 47, hao ni POP (imeili zinashushwa kwenye kompyuta yenyewe) wanatumia pst.

mzee_wa_seva

Umeona eeh. Una magonjwa mawili yamekutana kwenye wiki moja, na ulikuwa unayatibu kama moja. Kuganda ni jambo la hizo mashine tatu zenyewe. Outbox ni jambo la njia ya kwenda kwenye seva, maana linawakuta wote. Tuanze na kuganda, na kila ukijaribu kitu jaribu kimoja tu, uangalie, ndio uende kingine.

Funga Outlook kabisa, angalia Task Manager isiwe imebaki nyuma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika outlook.exe /safe halafu Enter. Hapo inafunguka bila plagini yoyote, vile vijiprogramu vinavyojichomeka ndani ya Outlook, vya antivirusi, vya PDF, vya programu za hesabu. Ikifunguka haraka basi mwizi yupo kwenye plagini. Ikiganda vilevile tunakwenda kwenye faili la pst.

dada_mhasibu

Samahani nadandia uzi. Mimi sio mtaalamu ni mhasibu wa kawaida, kwetu kuna shida nyingine kabisa, imeili za mteja wetu wa Guangzhou naziona kwenye simu, nikifika ofisini nikafungua kompyuta hazipo, na nikirudi kwenye simu nazo zimepotea! Sio zote, baadhi. Nimetafuta spamu na Trash hakuna. Nimeshaanza kuogopa kuna mtu ameingia.

mzee_wa_seva

Dada karibu, na hiyo hofu yako usiidharau. Ngoja tummalize fundi kwanza kidogo nakuja kwako leo hiihii.

fundi_ilala

Mrejesho! Mashine ya mhasibu mkuu nimefungua kwa safe, sekunde 9, ipo wazi na imeili zinafunguka. Kawaida ilikuwa dakika tatu na nusu nimepima kwa saa ya simu.

Nikaifungua kawaida, nikaenda File, Options, Add-ins, kule chini kwenye Manage nikaacha COM Add-ins nikabonyeza Go. Zipo tano. Sikuzifuta, nimetoa tu tiki zote, nikawa narudisha moja, nafunga, nafungua, napima. Ya kwanza ya PDF sekunde 11. Ya pili ya mikutano 11. Ya tatu ya antivirusi 14. Ya nne ni ya programu yao ya hesabu, ile inayotuma invoisi moja kwa moja kupitia Outlook, hapo kibango cha bluu kikakaa... nikasubiri... dakika tatu na sekunde ishirini. Yule mama amesimama nyuma yangu ananiambia “hiyohiyo, Ijumaa walikuja kutuwekea toleo jipya”. Ijumaa! Na mimi nimehangaika na rauta tangu Jumatatu.

Nimetoa tiki yake kwenye mashine zote tatu, zote sasa zinafunguka ndani ya sekunde 15. Ila wanaihitaji kutuma invoisi.

mzee_wa_seva

Kazi safi sana, hiyo ya kupima kwa saa ndio inayotakiwa, maana “naona kama imeharakisha” haisaidii mtu.

Sasa kuhusu hiyo plagini. Waambie walioiweka wathibitishe vitu viwili, je toleo jipya linaendana na Office yenu, 32 bit au 64 bit, maana plagini ya COM ya 32 haipandi kabisa kwenye Outlook ya 64, na je wakati Outlook inaanza inatafuta seva gani. Mara nyingi plagini ya aina hiyo ikianza inaita seva ya hesabu ya ofisini kwa jina au anwani ya zamani, seva haijibu, basi Outlook nzima inasimama inaisubiri mpaka ichoke. Dakika tatu zinazojirudia kwa usawa namna hiyo mimi zinaninukia hilo jambo.

Kitu kingine, Outlook yenyewe inazipima. Inachukua muda wa plagini kwenye mara tano za kufungua, ule wa katikati ukizidi milisekunde 1000 (sekunde moja) inaizima plagini na kukupa taarifa. Watu wengi taarifa ile wanaibofya waifunge, baadaye wanasema plagini imepotea. Haijapotea, rudi palepale kwenye Manage, chagua Disabled Items au File halafu Slow and Disabled COM Add-ins, utaikuta imekaa.

mwanafunzi_dom

Mzee swali, mimi juzi nimebonyeza kile kiswichi cha kujaribu Outlook mpya, plagini zangu zote hazipo na hata hilo eneo la COM Add-ins silioni. Nifanyeje?

mzee_wa_seva

Outlook mpya haipokei plagini za COM kabisa, inatumia zile za wavuti tu. Hakuna cha kurekebisha hapo, rudisha kiswichi ukaendelee na ya zamani kama kazi yako inategemea plagini. Ofisini nawashauri wasikibonyeze mpaka walioiuza programu ya hesabu waseme wana toleo la wavuti.

fundi_ilala

Walioweka plagini wamepigiwa, wamekubali kwamba toleo jipya limekuja na anwani ya seva ya mfano, sio ya ofisi. Wanakuja kesho. Mzee ulinusa vizuri.

Sasa Outbox. Nimefungua mipangilio ya akaunti, seva ya kutuma ni mail.domeni-yao, poti (mlango wa mtandao) 25, usimbaji umewekwa None. Na nimekumbuka jambo, Jumamosi walihamia faiba ya kampuni nyingine.

kebo_nyeusi

Hapo hapo mkuu!! Faiba mpya na poti 25. Hilo nalijua, nisamehe ile ya mwanzo. Watoa huduma wengi wa intaneti wanafunga poti 25 kwenda nje, sababu mashine zenye virusi ndio zinapitishia spamu humo. Faiba ya zamani ilikuwa haijafunga, mpya imefunga, na kwa sababu kupokea kunapita poti nyingine ndio maana mnapokea vizuri ila hamtumi. Hakikisha kwa macho, fungua PowerShell andika

Test-NetConnection mail.domeni-yao -Port 25

kisha rudia na 587. Angalia mstari wa chini kabisa TcpTestSucceeded. Halafu fanya tena ukiwa kwenye hotspoti.

fundi_ilala

25 imekaa sana ikaleta False. 587 imeleta True papo hapo. Kwenye hotspoti nako 25 False, 587 True.

Nimebadilisha mashine moja, poti 587, usimbaji STARTTLS, na kwenye More Settings nikaweka tiki ile ya seva ya kutuma inahitaji uthibitisho, itumie jina na paswedi zilezile za kupokea. Nikabonyeza Send/Receive. Imeili 6 zilizokuwa zimelala zikaanza kuondoka, moja... mbili... ya tano ikakwama. Na sasa kinatoka kidirisha cha onyo la cheti (kitambulisho cha seva), jina halilingani.

kebo_nyeusi

Twende moja moja. Poti ziweke kichwani au ubandike ukutani: kutuma 587 na STARTTLS, au 465 na SSL/TLS. Kupokea IMAP 993, POP 995, zote SSL/TLS. Zile 110 na 143 bila usimbaji achana nazo, paswedi inapita wazi kabisa, mtu yeyote aliyekaa kwenye Wi-Fi moja na wewe anaweza kuisoma.

Cheti: kwenye hostingi za kuchangia (seva moja wateja wengi) mara nyingi cheti kimetolewa kwa jina la seva yenyewe, sio mail.domeni-yenu. Bonyeza View Certificate usome jina lililomo. Una njia mbili, ama utumie hilo jina la seva kwenye mipangilio, ama uwaombe hostingi wakutolee cheti cha mail.domeni-yenu, siku hizi ni bure na wengi wana kitufe chake kwenye paneli. Usiwazoeshe watu kubonyeza Yes kila asubuhi. Siku akija mtu kujiweka katikati kweli watabonyeza Yes vilevile. Na kama jina la aliyetoa cheti ni antivirusi yenu, basi ni ile kinga yake ya imeili inafungua mawasiliano katikati, hiyo unaizima kwenye antivirusi.

Ya tano iliyokwama ina kiambatanisho cha MB ngapi?

fundi_ilala

MB 24! Ni skani ya bill of lading (hati ya mzigo wa meli) na packing list (orodha ya vilivyomo), karatasi 31.

mzee_wa_seva

Haitatoka hiyo. Faili likisafiri kwenye imeili linageuzwa kuwa herufi, linavimba kama theluthi moja, kwa hiyo MB 24 inakuwa 32 hivi njiani. Gmail mwisho wake kutuma ni MB 25, na hostingi nyingi zina kikomo chao, waulize wenu ni ngapi. Na Outlook yenyewe kwa akaunti za aina hii inagoma kuanzia MB 20, huwa inakataa hata kuambatanisha, labda hiyo imetumwa moja kwa moja kutoka kwenye programu ya skana ndio ikaponyoka. Kazi yako ni kwenye skana. Angalia imewekwa dpi (ukali wa picha) ngapi na rangi.

fundi_ilala

Dpi 600 na rangi zote. Nimeshusha 200, nyeusi na kijivu, karatasi zilezile 31 zimekuwa MB 3 na ushee, mihuri na sahihi zinasomeka safi kabisa. Kuitoa ile ya zamani Outbox ilikuwa inakataa inasema inatumwa, nikaweka Work Offline, nikafunga nikafungua, ndio ikakubali kufutika.

Dada wa dokumenti katuma upya, wakala kajibu ndani ya dakika mbili kwamba amepata. Jamani sijui niwashukuruje.

mzee_wa_seva

Sasa dada_mhasibu, uko? Imeili inayoonekana kwenye simu kisha inapotea kila mahali ina maelezo mawili, na moja ni la hatari, kwa hiyo tunaanza na hilo.

Ingia webmail kwenye brauza, tafuta sehemu ya Filters na Forwarders. Angalia kama kuna sheria ambayo wewe hukuiweka, hasa inayotaja jina la huyo mteja, au maneno kama invoice, payment, bank. Wezi wakipata paswedi mara nyingi wanaweka sheria ya kuficha imeili za mteja kwenye folda usilofungua kabisa kama RSS Feeds au Archive, wao wanazisoma, halafu siku ya malipo wanakutumia invoisi yenye akaunti ya benki nyingine. Kama una malipo ya karibu na unayemlipa kakwambia amebadili benki, usilipe mpaka umempigia kwa namba uliyokuwa nayo wewe tangu zamani, sio namba iliyopo kwenye imeili hiyo.

Usipokuta sheria yoyote basi maelezo ya pili ni POP. POP kwa asili inashusha imeili na kuiondoa kwenye seva, isipokuwa ukiweka tiki ya kuacha nakala. Kuna kompyuta mahali fulani ina akaunti hiyohiyo kwa POP, ikiwashwa inazoa kila kitu, ikizimwa imeili zinabaki salama. Ndio maana unaona “baadhi” tu zinapotea. Nani mwingine ana paswedi ya hiyo akaunti?

dada_mhasibu

Nimeangalia Filters na Forwarders, hakuna kitu, nimepumua. Paswedi ninayo mimi na bosi. Na aliyekuwa kabla yangu aliondoka mwaka juzi.

mzee_wa_seva

Na paswedi haikubadilishwa alipoondoka? Basi ibadilishe sasa hivi, ndefu, mpya kabisa. Iweke kwenye simu yako na kompyuta yako tu. Kisha tulia usikilize ni mashine gani italalamika.

dada_mhasibu

Mrejesho wa leo asubuhi. Saa mbili na dakika kumi dada wa mapokezi amekuja kuniambia kompyuta yake inamuuliza paswedi kila dakika. Kumbe kompyuta ya mapokezi ndiyo iliyokuwa ya mhasibu wa zamani, akaunti yangu ipo humo bado, POP, hakuna tiki ya kuacha nakala, na Outlook inajifungua yenyewe kompyuta ikiwashwa. Yeye hata hakuwahi kuifungua akaangalia, ameikuta ipo chini imejikunja. Tumefungua pamoja, imeili 1,900 na kitu zipo humo, za wateja wangu zote za Guangzhou. Nimekaa nikaanza kuzisoma, kuna mteja alituuliza bei mara tatu mwezi wa nane akaona tumemdharau. Nimemwandikia leo kumwomba radhi.

Asante sana mzee, Mungu akubariki. Hizo 1,900 narudishaje kwangu?

mzee_wa_seva

Pole na hongera dada. Kwenye hiyo mashine ya mapokezi toa kwanza utumaji na upokeaji wa moja kwa moja, nakili pst yake kwenye flashi ukiwa umefunga Outlook, peleka kwako, File, Open & Export, Open Outlook Data File. Itatokea kushoto kama kabati la pili. Kama akaunti yako wewe ni IMAP, buruta imeili mia mbili mia mbili kwenye Inbox yako zitapanda kwenye seva, sio zote kwa mkupuo. Ukimaliza ndio uitoe akaunti kule mapokezi.

pwani_msa

Salaam kutoka Mombasa. Naomba niulize kabla uzi haujalala. Sisi imeili zinatoka vizuri, Outbox tupu, lakini wateja wenye Gmail hawapati, zinarudi na 550 5.7.26. Seva zingine zinapokea. Tumeanza kuona hii tangu jamaa wa masoko aunganishe huduma ya kutuma matangazo kwa wateja.

kebo_nyeusi

Ndugu hiyo namba ni Gmail inakwambia haiwezi kuthibitisha kwamba aliyetuma ni nyinyi kweli. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wanataka kila anayetuma awe na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni yenu) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye imeili), na wanaotuma imeili zaidi ya 5,000 kwa siku kwenda Gmail wawe na zote pamoja na DMARC (maelekezo ya kufanya nini imeili isipothibitika). Hapa Outlook haihusiki kabisa, ukiinstoli mara kumi haitabadilika. Angalia rekodi za TXT za domeni yenu (mistari ya maandishi kwenye DNS, kitabu cha anwani za intaneti), zinazoanza na v=spf1 ziko ngapi?

pwani_msa

Ziko mbili. Moja ya hostingi, nyingine ya hiyo huduma ya matangazo.

kebo_nyeusi

Ndiyo hiyo. Domeni moja SPF moja tu. Zikiwa mbili seva inayopokea inahesabu ni kosa, inakuwa kama hamna hata moja. Ziunganishe kwenye mstari mmoja, v=spf1 halafu include ya hostingi, include ya matangazo, mwisho ~all, na ile ya pili uifute. Msizidishe include ovyo, mwisho ni maulizo 10 ya DNS, ikizidi nayo inakuwa kosa. Na ukishamaliza uliza hostingi wakuwashie DKIM, mara nyingi ni kitufe tu kwenye paneli. Subiri saa kadhaa kabla ya kujaribu, DNS inachukua muda kuenea.

mwanafunzi_dom

Mimi nimerudi na nyingine, Outlook 2013 ya mama yangu mdogo yenye Gmail inauliza paswedi na paswedi ni sahihi kabisa, kwenye brauza inaingia.

mzee_wa_seva

Google walifunga kuingia kwa paswedi ya kawaida kwenye programu za zamani tangu tarehe 30 Mei 2022. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti yake, kisha tengeneza App Password, ni herufi 16, hiyo ndio unaiweka kwenye Outlook badala ya paswedi yake. Au mwekee Thunderbird, programu nyingine ya imeili, chagua OAuth2, itafungua ukurasa wa Google ataingia kama kawaida. Kama Thunderbird ikianza kula diski usishangae, imeili ulizofuta zinabaki ndani ya faili mpaka ubofye kulia kwenye folda uchague Compact.

fundi_ilala

Mrejesho wa mwisho wakuu, Ijumaa usiku.

Plagini imerekebishwa, jamaa wamekuja wameweka anwani sahihi, mashine ya mhasibu inafunguka sekunde 16 nayo ikiwa imewashwa. Mashine zote tisa ziko 587, cheti hostingi wametoa cha mail.domeni, onyo halipo tena.

Lililobaki lilikuwa ile pst ya GB 47. Mzee alinitumia ujumbe kuniambia kikomo cha kawaida kwenye Outlook hii ni GB 50, kwa hiyo mama alibakiza GB 3 tu agonge ukuta, na nilipoangalia nikakuta faili limekaa Documents ambapo OneDrive (hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft) inajaribu kulipandisha kila linapobadilika. Nimefunga Outlook saa kumi na moja jioni, nimenakili pst nzima kwenye diski ya nje imechukua saa moja na nusu, nikalitoa kule nikaliweka C:\Imeili nje ya OneDrive, sikuliweka kwenye seva ya ofisi maana pst haitakiwi kufunguliwa kupitia mtandao. Kisha nikapitisha scanpst, kile kiprogramu cha Outlook cha kukagua pst, imelikuta faili na makosa madogo imeyarekebisha. Sasa hivi nahamisha imeili zote za kabla ya 2022 kwenda pst ya pembeni, mwaka mmoja mmoja. Nipo 2019. Mlinzi kaniletea kahawa.

fundi_ilala, Jumatatu saa 2:20 asubuhi

Mama mhasibu kafika, kafungua, sekunde 12. Katafuta invoisi ya Machi 2018 kaiona kwenye ile pst ya pembeni. Kalenda yake ipo yote, nilimfungulia tukaangalia pamoja mpaka Desemba.